Kumbukumbu pokezi: vita vya baba ndani ya mwana

Art Spiegelman alizaliwa Stockholm mwaka 1948, vita vya Hitler vikiwa vimekwisha, akakulia New York. Kambi ya Auschwitz, walikofungwa wazazi wake Vladek na Anja, hakuiona. Lakini alilelewa nayo. Ilikuwamo katika ubahili wa baba aliyeona uchungu kupoteza hata njiti ya kibiriti. Ilikuwamo pia katika picha ya Richieu, kaka aliyekufa vitani kabla Art hajazaliwa, iliyotundikwa chumbani kwa wazazi. Mama alijiua mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 kijana akaanza kumketisha baba yake mbele ya kinasa sauti, na mazungumzo hayo yakazaa kitabu cha katuni kiitwacho Maus, ambamo Wayahudi ni panya na Wajerumani ni paka. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1986, la pili 1991, na mwaka 1992 kikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer.

Kitabu hicho kilimgusa sana Marianne Hirsch, profesa wa fasihi aliyezaliwa Romania mwaka 1949 katika familia ya Wayahudi walionusurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliunda istilahi ya Kiingereza, postmemory, kuitaja hali ya watoto wa namna hii. Wamekua wakizungukwa na maafa yaliyotangulia kuzaliwa kwao, na wameyajua kwa hadithi, kwa picha na kwa mienendo ya waliowalea. Yamewaingia kwa kina hata wanayahisi kama kumbukumbu zao wenyewe. Hirsch ni mwangalifu hapa: hasemi kwamba mtoto anakumbuka. Anasema mtoto anawaza, anabuni na anaziba mapengo, na kazi hiyo inakuwa na nguvu ya kumbukumbu.

Kwa Kiswahili tuiiteje dhana hii? Tafsiri ya sisisi ingetupa “baada ya kumbukumbu”, na msomaji angedhani kumbukumbu zimekwisha, ilhali dhana yenyewe inasema hazijaisha. “Kumbukumbu za kurithi” inavutia zaidi, na ni rahisi kutamka. Wasiwasi wangu ni kitenzi chenyewe. Mrithi hupata kitu kikiwa kamili, mara nyingi mwenye mali akiwa amekwisha kufa, na hana alilofanya ila kuwa mtoto wa fulani. Tena siku hizi neno kurithi linatuvuta upande wa damu na vinasaba, na Hirsch hazungumzii damu.

Ninapendekeza “kumbukumbu pokezi”. Umbo lake si geni: tunayo fasihi simulizi, tunayo isimu linganishi, tunayo sarufi geuzi. Kuhusu maana, kila aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili anajua kumpokea mtu mzigo. Mzazi anaonekana kwa mbali akirudi na kikapu kichwani, mtoto anakimbia, anaamkia, anasema, “Nikupokee.” Hajui kilichomo. Huenda kikamlemea. Mzazi anaweza kumpa chote, akampa nusu, au akakataa akisema kizito hiki, mwanangu. Katika tendo hilo yumo anayetoa na yumo anayepokea, na wote wawili wana kazi. Hicho ndicho istilahi ya Kiingereza haikisemi na yetu inakisema. Isichanganywe na mapokeo, ambayo ni mali ya jamii au dini nzima na hupokelewa kwa utaratibu. Kumbukumbu pokezi huanzia sebuleni, na mara nyingi hazina utaratibu wowote.

Vita vya Kagera vinaonyesha haja ya neno hili. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalipua daraja la Kyaka. Pamoja na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walikwenda polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na mgambo kutoka kila mkoa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa mgambo walirudi kwenye majembe yao, wakanyamaza. Chukua mtoto wa Singida anayemsikia baba akihesabu kwa Kiganda bila kueleza alijifunzia wapi. Anayanasa majina ovyo ovyo, leo Mutukula, mwakani Lukaya, siku nyingine Masaka. Shuleni kitabu kinampa tarehe na ushindi. Kati ya kitabu na ukimya wa baba anajijengea vita vyake, na hivyo ndivyo anavyobaki navyo hadi utu uzima.

Ng'ambo ya mpaka mzigo ni mwingine. Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Sabasaba ni maonyesho ya biashara. Uganda, saba saba ni jina la mitambo ya BM-21 ya kurusha maroketi, ambayo JWTZ iliitumia vitani. Mtoto wa Masaka, mji uliobomolewa Februari 1979, alilijua neno hilo la Kiswahili kama mlipuko. Waganda waliwaita askari wetu “bakombozi”, na jina hilo ni la heshima. Lakini mkombozi naye alibomoa nyumba, na mtoto wa kila upande amepokea sehemu tu ya habari.

Si kila mahali wazazi walinyamaza. Katika makazi ya Mishamo mkoani Rukwa, kama ulivyokuwa wakati huo, mwanaanthropolojia Liisa Malkki katika miaka ya 1980 aliwakuta wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wakisimulia bila kuchoka mauaji yaliyowafukuza kwao. Watoto wa huko walipokea kwa wingi mno. Neno letu linatosha hali zote mbili.

Lina mpaka wake, na mpaka huo ulindwe. Mhakiki Gary Weissman ameipinga dhana ya Hirsch akisema kumbukumbu za mtu haziwezi kugeuka kuwa za mwingine, na hoja hiyo ina uzito. Mwana wa askari hajapigana. Akiandika, aseme wazi lipi aliambiwa, lipi aliliona kwa baba yake na lipi amelijaza mwenyewe. Ndiyo maana naona neno pokezi lisidondoshwe hata pale ambapo kumbukumbu peke yake ingeeleweka.

Aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1958 hivi. Kama baba yako ni mmoja wao, au mama yako alibaki akimsubiri, kaa nao, waulize, uandike watakachokubali kusema. Wasichokubali kusema, andika pia kwamba hawakukisema.