Walaji wa Mukuba

Mswahili hula chakula, lakini pia hula kiapo, hula yamini, hula njama. Huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, watu walikula shaba. Mavuno ya mtama yakishaingia ghalani na mvua kukatika, kwenye mwezi wa Mei, mkuu wa kijiji alitangaza kwamba msimu wa kwenda kula mukuba umewadia. Mukuba ndiyo shaba kwa lugha za huko, na neno hilo lingali hai midomoni mwa watu wa Kolwezi, mji wa migodi, hadi leo. Anayekula mukuba anafaidi, lakini kama ilivyo kwa anayekula kiapo, anaingia pia katika jambo lenye masharti.

Masharti hayo tunayajua kwa sehemu kupitia Mbenediktini mmoja kutoka Ubelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza misheni ya Kikatoliki ya Katanga tangu 1910. Aliwakuta wazee waliofanya kazi ya kuyeyusha shaba ujanani mwao, wakairudia mbele yake, na mwaka 1926 akachapisha maelezo marefu aliyoyaita, kwa Kifaransa, walaji wa shaba wa Katanga.

Kijiji kilihamia mgodini. Wanaume walichimba kwa sururu za chuma. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, wakaliosha mtoni na kulichambua. Miti ilikatwa na kuchomwa makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto, na upepo ulisukumwa ndani kwa mivukuto ya ngozi ya swala. Shaba ya kwanza ilikuwa na takataka, hivyo iliyeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu ili itoke ikiwa msalaba au mkuo.

Lakini kazi haikuanza na sururu. Ilianza na maneno. Mkuu aliwaita wahenga waliotangulia kuufungua mlima ule, akawaomba waachie mali iliyomo tumboni mwake. Mganga aliandaa dawa za tanuri. Yeye alikuwa fundi na kuhani kwa wakati mmoja: alijua udongo, makaa na rangi ya moto, na alijua pia nani aombwe kwanza. Ujuzi huo haukugawanyika kichwani mwake, na hakuna sababu ya sisi kuugawanya leo tukaita nusu yake sayansi na nusu ushirikina.

Katanga haikuwa peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wafipa wa Rukwa walijenga matanuri marefu ya chuma, malungu, na waliyahesabu kama bibi harusi: yalipambwa, yakatiwa dawa, na chuma kilichotoka kikawa mtoto. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati wayeyushaji walijitenga na wake zao muda wote wa kazi, kwa kuwa mwanamume aliyekwisha "kuoa" tanuri hakupaswa kuligawa pendo lake.

Tukizitazama desturi hizi kwa utulivu, tunaona zilitenda kazi ya sheria. Ziliweka msimu, watu wasiache mashamba wakafa njaa. Ziliweka mwenye mlima, kila mtu asijichimbie atakavyo. Zilimpa kila mmoja nafasi yake, mchimbaji, mchoma makaa, mvukutaji, muoshaji. Na kwa kuwa wenye mali walikuwa wahenga, aliyeichukua alikuwa mgeni wao, na mgeni hula kwa adabu.

Shaba hiyo ilisafiri mbali, na ilikokwenda ibada iliifuata. Kandokando ya Ziwa Kisale, mtoni Lualaba, kuna makaburi makubwa ya Sanga yaliyofukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957 na 1958, na tena 1974. Hakuna mgodi wa shaba hapo. Madini yalitoka kusini. Katika makaburi ya kuanzia karne ya 13 hivi wafu wamelazwa na misalaba ya shaba kifuani, kiunoni au mikononi. Kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na yenye vipimo vinavyolingana, dalili kwamba ilikuwa inageuka fedha. Pesa za Katanga, basi, zilipitia kaburini.

Biashara hiyo ndiyo iliyowavuta Wasumbwa kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Kalasa alikuja kufuata shaba. Mwanawe Msiri akabaki, akajenga ufalme wa Wayeke na mji mkuu Bunkeya, ambao sasa umo katika jimbo la Lualaba. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kila mwaka, tarehe hiyohiyo, Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka.

Baada yake walikuja wenye kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi likaanza kutoa shaba. Milima iliyokuwa na wahenga sasa ilikuwa na hati. Kazi haikungoja tena mvua ikatike. Iliendeshwa kwa king'ora, usiku na mchana, masika na kiangazi. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda na kwingineko, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikawataka waishi kambini na wake zao, ipate nguvukazi isiyohamahama. Kolwezi, iliyoanzishwa 1937, ni mtoto wa mpango huo. Mume alikuwa na namba ya kazi, mke alipokea posho ya unga, na jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtu wa kabila usilolijua, mliyeelewana kwa Kiswahili tu.

Hapo ndipo ibada ilipozuka upya, na kwa namna ambayo hakuna meneja aliyeipanga.

Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amechapisha mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba Waafrika wana fikra zao kamili kuhusu uhai na nguvu. De Hemptinne, yuleyule aliyeandika kwa makini habari za walaji wa shaba, alikipinga vikali. Tempels alikaa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kurudi Kongo, na mwaka 1953 alikuwa Ruwe, jirani na Kolwezi, kati ya wachimbaji na wake zao. Alisema baadaye kwamba aliacha kufundisha akaanza kuuliza watu wanatamani nini. Kutokana na mazungumzo hayo ikazaliwa harakati ya kidini iitwayo Jamaa.

Jina lenyewe linasema yote. Watu waliotenganishwa na koo zao walijifanyia ukoo. Hakuna aliyeingia peke yake: bwana na bibi waliingia pamoja, wakalelewa na wanandoa waliowatangulia, ambao kuanzia hapo waliitwa baba na mama yao. Walipitia njia tatu, kila moja na mafunzo na siri zake. Mafundisho yalizunguka maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewasikiliza Kolwezi katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1971, alikuta watu wa kazi za mikono wakijenga hoja nzito za dini kwa lugha ambayo wakoloni waliiona ni ya kuamrishia tu.

Linganisheni na tanuri la kale. Kule mume alijitenga na mkewe ili shaba izaliwe. Huku kampuni iliwaweka pamoja kwa sababu zake, na Jamaa ikaufanya umoja huo kuwa kitu kitakatifu. Tendo limegeuka, swali limebaki: kazi hii inayotupeleka chini ya ardhi inatuacha tukiwa nani, mmoja kwa mwenzake? Kampuni ilikuwa na jibu kwa namba. Watu walilitaka kwa majina ya baba na mama.

Tempels aliondoka Kongo 1962. Kanisa liliiogopa Jamaa kwa siri zake na kwa vikundi vilivyojitenga, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana. Haikufa.

Nayo miiko ya zamani haikufa. Wachimbaji wadogo walioenea Kolwezi na viunga vyake, wengi wao baada ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, kuporomoka katika miaka ya 1990, huchimba kobalti na shaba kwa mikono. Katika machimbo mengi mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni, kwa imani kwamba madini yatatoweka. Kazi yake ni kuosha na kuchambua mawe kando ya maji, kama ilivyokuwa kwa walaji wa mukuba. Wapo wanaosali kabla ya kushuka, wapo wanaotafuta dawa, wapo wanaofanya yote mawili. Kilichopotea ni sehemu ya sheria. Imebaki hofu ya shimo, bila msimu, bila mwenye mlima anayeheshimiwa, bila mgawo wa haki. Mwiko uliomgawia mwanamke nafasi katika kazi ya kijiji kizima leo unampa ujira mdogo zaidi tu, na huo mwandishi huyu hawezi kuutetea kwa jina la mila.

Katika mtaa wa Cité Gécamines mjini Kolwezi, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, familia zimekuwa zikihamishwa ili shimo la mgodi lipanuliwe. Nyumba za aina hiyo ndizo zilizokuwa na vyumba ambamo bwana na bibi walipewa njia ya kwanza. Walioipokea wakiwa vijana katika miaka ya 1950 sasa ni vikongwe. Vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi vina wanafunzi wanaozungumza Kiswahili hichohicho cha kambini. Waende wakawarekodi wazee hao mwaka huu, nyumba zao zikiwa bado zimesimama.