Nirushie: historia ya faili zinazotembea bila bando

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma humu, leo naandika historia ya neno tunalolisema kila siku: nirushie. Nirushie wimbo. Nirushie picha ya marehemu bibi. Wengi tunadhani ni kitu cha juzi cha simu janja, kumbe kina zaidi ya miaka 20, na mimi naona kinatuhusu sisi wakimbizi kuliko hata wale waliokitengeneza.

Kabla ya Bluetooth kuenea kulikuwa na infraredi, mwanga usioonekana na macho, ndugu yake ule wa rimoti ya TV. Kaka zetu wakubwa wanaukumbuka. Simu mbili zinalazwa mezani zikitazamana na hakuna mtu kuzigusa. Wimbo wa MB 4 ulikula kama dakika tano, na mtoto akipitisha mkono katikati, mnaanza upya.

Bluetooth yenyewe ilianza mwaka 1994 kwenye kampuni ya Ericsson, mji wa Lund, Sweden. Mhandisi Jaap Haartsen, Mholanzi, na wenzake walitaka kuondoa waya tu kati ya simu na vifaa vyake, kama hedifoni. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana ili kifaa cha kampuni moja kielewane na cha nyingine. Jina wakalichukua kwa Harald, mfalme wa zamani wa Denmark aliyeitwa Jino la Bluu, kwa sababu naye aliunganisha watu. Sidhani kama kwenye vikao vyao walimfikiria mtu asiye na bando. Waliogeuza kitu hicho kuwa barabara ni watu wengine kabisa.

Mfano ninaoupenda ni wa mbali na sisi, jangwa la Sahara, lakini ukiusoma utadhani ni wa huku. Karibu na mwaka 2010, Mmarekani mmoja, Christopher Kirkley, alikuwa anakaa Kidal, kaskazini mwa Mali. Intaneti ilikuwa shida, lakini simu za bei nafuu zilikuwa kila mahali, na memori kadi ndiyo ilikuwa redio, kabati la kaseti na albamu ya picha. Vijana walikaa chini ya mti wakirushiana nyimbo kwa Bluetooth, na msafiri akienda mji mwingine, nyimbo zinasafiri naye mfukoni. Kirkley alizikusanya nyimbo hizo, baadaye akatoa albamu ya Music from Saharan Cellphones.

Shida ikawa majina. Faili nyingi zilifika hazina jina la mwimbaji, au lina jina la uongo. Wimbo umepita mikono mia, kila mtu anaujua, hakuna anayejua wa nani. Ilibidi aanze kuwatafuta wenyewe mmoja mmoja ili walipwe. Mmoja wao alikuwa Mdou Moctar wa Niger, yule aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza kwa mbao na kamba za breki za baiskeli. Alirekodi Sokoto, Nigeria, mwaka 2008, na wimbo wake ukavuka mipaka kwenye simu za watu asiowajua. Leo anapiga muziki duniani kote. Mwaka 2023 mapinduzi ya kijeshi ya Niger yalimkuta na bendi yake wako Marekani, wakakwama huko. Hilo hamhitaji nilieleze.

Na mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipoteka kaskazini mwa Mali, yalipiga marufuku muziki. Watu wengi wakakimbilia Mbera, Mauritania, na kwingine. Gitaa huwezi kulificha. Kadi ndogo kama ukucha unaweza.

Baadaye zikaja Xender na SHAREit, zinazotumia Wi-Fi ya simu yenyewe, filamu nzima inapita bila kugusa bando. India ilizifungia zote mbili mwaka 2020 pamoja na programu nyingine za Kichina, jumla 59. Sasa simu za Android zina Quick Share ndani. Haya ni mambo ya kasi tu.

Lililobadilika kweli ni WhatsApp. Bluetooth inachukua faili kama lilivyo na jina lake. WhatsApp inaibana picha na kuipa jina jipya, mfano IMG-20150519-WA0003. Tarehe hiyo ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, wala si ya siku ilipopigwa! Ndugu mfanyakazi, mtu akikuonyesha picha ya nyumba yake iliyochomwa na tarehe haifanani na maelezo yake, usikimbilie kusema anadanganya. Na wewe kijana, picha kama hiyo irushe kwa Bluetooth, au ukitumia WhatsApp itume kama dokumenti.

Nasema hivyo kwa sababu ya Kagunga. Mwezi wa tano 2015 maelfu ya Warundi walijazana kwenye kile kijiji cha ufukweni, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawapeleka Kigoma kabla ya kuletwa huku Nyarugusu. Ninayo video ya wakati ule, sekunde 40 hivi. Boti ndogo zinapeleka watu kwenye meli, na mwanamke asiyeonekana anaita mtoto mara tatu. Nilirushiwa na rafiki, naye alirushiwa. Jina la faili ni la WhatsApp, ubora umekwisha kabisa. Aliyeipiga simjui, na mtoto kama alipatikana sijui. Mwenye kuijua aandike hapa chini, au aje nimrushie asikilize ile sauti.