Waliobaki: Subira ya Wakristo wa Buhaya

Mtu atokaye mjini Bukoba kuelekea kusini, akapanda mpaka Maruku, huona vibanja vya migomba vilivyozungukwa na rweya, zile mbuga za nyasi zenye udongo duni. Na asipokuwa mwenyeji aweza kudhani kuwa rutuba ya vibanja ni tunu ya asili, ilhali ni kazi ya vizazi vingi vilivyobeba nyasi na samadi mwaka baada ya mwaka, mpaka ardhi ikaridhia kulisha watu. Ukristo wa pande hizi, kuanzia Maruku hadi Ihangiro iliyomo leo katika wilaya ya Muleba, haukusitawi kwa njia iliyo nyepesi zaidi. Vitabu vingi vimewasifu wageni walioleta Injili, na sifa hiyo ni haki yao; lakini mimi naona kwamba deni kubwa zaidi ni la wale waliobaki, wachungaji wao walipoondolewa.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa vita, na haifai kuuficha. Emin Pasha alikuwa amekwisha kujenga boma la Wajerumani Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890. Na Januari 1892 Wakristo wa Buganda, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walipigana kwa bunduki pale Mengo, Wakatoliki wakashindwa, na Askofu Hirth pamoja na Mapadre Weupe wakalazimika kutafuta makimbilio kusini. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo misheni ya Kashozi ilipoanzishwa. Basi kanisa la kwanza la Buhaya lilizaliwa na ugomvi wa watu waliomkiri Bwana mmoja, na uhasama ule ulivuka mpaka pamoja nao, ukawagawa ndugu wa ukoo mmoja kwa miaka mingi.

Waprotestanti nao walitangulia kuwa na waumini kabla ya kuwa na misheni. Wahaya waliokwenda Buganda walirudi na elimu ya kusoma, na Biblia ya Kiganda, ambayo tafsiri yake ilikamilika mwaka 1896, ikawa mwalimu wao. Miongoni mwao alikuwamo Andreas Kajerero wa Kigarama, ambaye jina lake lastahili kutajwa kila isimuliwapo habari hii. Watu hawa waliitwa wasomaji, nao wakapata adha nyingi, kwa sababu Mukama, yaani mfalme wa Kihaya, alikuwa mwenye ardhi na mwenye matambiko, na raia aliyefungua kitabu alionekana kuwa amejipatia bwana mwingine nje ya ikulu. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1910, hawakukuta nchi tupu. Walikuta watu waliokwisha kuzoea kusali pasipo padre wala mchungaji, na mazoea hayo yalikuwa akiba ambayo hakuna aliyejua kwamba ingehitajiwa upesi hivyo.

Kwani mwaka 1914 vita vya Wazungu vilizuka. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa, yakaushambulia mji wa Bukoba na kuvunja mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaiacha nchi, na wamisionari wa Bethel wakatengwa na makundi yao. Waanglikana wa Uganda wakalichukua kanisa katika ulezi wao, kisha Wamethodisti, kisha katika miaka ya 1920 watu wa Bethel wakarejea. Na kila badiliko lilileta taratibu mpya na fitina mpya, wengine wakikataa kugeuzwa madhehebu kama mali inayorithiwa. Nani wa kuwalaumu? Walimu na wazee wa kanisa waliendelea kufundisha watoto, kuzika wafu na kupatanisha waliogombana, wala hawakuwa na hakika ya nani angekuwa mkubwa wao mwaka ujao. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aliiweka saburi baada ya dhiki na tumaini baada ya saburi. Wazee hawa waliufuata mpango huo wakiwa katikati ya dhiki yenyewe.

Wakati huohuo wa vita, tarehe 15 Agosti 1917, huko Rubya katika Ihangiro, walipewa upadre wazalendo wa kwanza wa nchi hii, wakiwamo Wahaya wawili, Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi. Seminari ya Rubya ilikuwa imeanzishwa mwaka 1904, na masomo ya miaka kumi na mitatu yakaja kuzaa matunda katika mwaka ambao mtu mwenye busara ya kidunia angeshauri milango ifungwe. Katika njia iliyofunguliwa siku ile alipita baadaye Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, aliyekuwa mwaka 1960 Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali.

Mwaka 1939 mambo ya 1914 yalijirudia kwa Waprotestanti: Wajerumani wakawekwa kizuizini, na Bengt Sundkler wa Sweden, aliyefika mwaka 1942, akakuta kanisa linalojiendesha, ingawa lilitikiswa na Uamsho uliotoka Rwanda, ambao uliwatia wengi moto wa toba na kuwatia wengine chuki. Sundkler alirudi kuwa askofu mwaka 1961, na mwaka 1964 akamwachia kiti Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, mkutanoni Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Mwaka mmoja tu baada ya heshima hiyo, Oktoba 1978, askari wa Idi Amin waliishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka, na maelfu ya raia wakakimbilia kusini. Vita viliisha, na mwaka 1983, katika hospitali ya kanisa ya Ndolage, Muleba, wakatambuliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania. Maradhi hayo yalichukua baba na mama wa nyumba moja, yakaacha bibi na wajukuu, na wengi waliougua walikimbiwa kwa aibu. Hapo tena kazi iliwaangukia wasio na vyeo: wazee wa mitaa na akina mama wa jumuiya, Wakatoliki na Walutheri, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuosha wagonjwa, kuwapikia ndizi mayatima, na kupalilia vibanja ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kuzikwa ndani yake.