Nyumba ya Mbogani na Ardhi Iliyoizunguka

Ninyi mlio darasani hivi sasa, bila shaka mmekwisha kukariri Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915, iliyowapa walowezi ardhi ya nyanda za juu kwa mkataba wa miaka 999. Sisi pia tuliikariri, tukaiandika katika mtihani, kisha ikatutoka. Kwangu mimi sheria hiyo ilipata sura siku nilipozuru jumba la makumbusho la Karen Blixen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, nikatembea katika bustani yake kwa muda wa saa mbili hivi.

Nyumba yenyewe si kubwa kama wengi wanavyodhani. Ni ya ghorofa moja, kuta zake za mawe ya kijivu na paa la vigae vyekundu, na ndani vyumba vimepigwa mbao. Ilijengwa mwaka wa 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi. Mwaka wa 1917 ikawa makazi ya Bror Blixen na mkewe Karen, Mdenmarki aliyefika nchini mwaka wa 1914. Nyumba iliitwa Mbogani, na Wazungu huandika kwamba maana yake ni nyumba ya msituni. Sijui ni Kiswahili cha wapi hicho. Sikioni mwangu jina hilo lanuka sukuma na mchicha.

Vyombo vilivyomo ni vya namna mbili, na yafaa mgeni ajue tofauti. Baadhi vilikuwa vya mama huyo kweli. Vingine vilitolewa na kampuni ya Universal, iliyotengeneza filamu ya mwaka wa 1985 kutokana na kitabu chake. Ndiyo filamu iliyoifanya nyumba hii ijulikane duniani, na jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka uliofuata, 1986. Habari za mapenzi yake na Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege huko Voi mwaka wa 1931 na kuzikwa katika vilima vya Ngong, mtazipata kwa yeyote aliyeiona filamu, kwa hiyo sitazirudia hapa.

Mimi nilivutwa zaidi na nje. Ukisimama barazani unaona uwanja wa nyasi, miti mikubwa, na mbele kabisa vilima vya Ngong. Ni mandhari ya kupendeza, sikatai. Lakini bustani hii ni kipande kidogo kilichosalia cha shamba la ekari zipatazo 4,500, ambazo kama 600 zilikuwa za kahawa. Kati ya miti bado ziko mashine kuukuu za kahawa, chuma kizito chenye kutu. Hizo ndizo zinazosema ukweli wa mahali hapa. Kahawa haikupenda pale. Shamba liko juu ya futi 6,000, baridi na upepo viliukausha mkahawa, mvua nayo ilikosa mara kwa mara. Kiwanda kiliungua. Kisha bei zikaanguka duniani baada ya mwaka wa 1929. Kampuni, ambayo fedha zake zilikuwa za jamaa zake huko Denmark, ikauza shamba mwaka wa 1931, naye Karen akarudi kwao. Aliyelinunua, Remi Martin, alilikata viwanja vya nyumba. Ndiyo maana mtaa wa leo una nyua ndefu na malango yenye walinzi.

Je, watu waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo? Hapa ndipo nawaomba mpunguze mwendo. Shamba lilikuwa na maskwota, familia za Wakikuyu zaidi ya mia moja, waliolima vijishamba vyao na kuchunga ng'ombe wao pale. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimlazimu skwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, yaani nusu ya maisha yake, kwa idhini ya kukaa mahali ambapo pengine baba yake alizaliwa. Karen Blixen mwenyewe aliliona jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1937 anakiri kwamba yamkini wao walimhesabu yeye kuwa ndiye skwota katika ardhi yao. Ni maneno ya haki, lakini hakika hati ya shamba haikusema hivyo.

Wako wanaomsifu kwa kuwatibu wagonjwa na kuanzisha shule shambani. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa upande wake, alimshambulia vikali, akisema mapenzi yake kwa Waafrika yalikuwa kama ya mtu kwa wanyama wake. Mimi naona hoja ya Ngũgĩ ina uzito, maana hata Kamante Gatura, mtoto aliyetibiwa miguu kisha akawa mpishi hodari wa nyumba ile, twamjua zaidi kwa kalamu ya tajiri wake. Afadhali Kamante aliishi hadi akatoa masimulizi yake mwenyewe, yakachapishwa mwaka wa 1975.

Hata hivyo kuna tendo moja ambalo sikuweza kulipita. Shamba lilipouzwa, maskwota waliamriwa kuondoka. Wao hawakuomba fedha. Walitaka wapewe ardhi mahali pamoja, wasitawanywe, jirani abaki na jirani na ng'ombe wao. Karen, akiwa hana tena shamba wala fedha, alizunguka ofisi za serikali moja baada ya nyingine hadi kwa Gavana. Mwishowe wakaruhusiwa kuhamia sehemu ya msitu wa serikali wa Dagoretti.

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba ikaipa Kenya kuwa zawadi ya uhuru, pakawa na chuo cha lishe kabla ya makumbusho. Dagoretti nako hakuko mbali. Mtu mwenye miguu mizima aweza kutoka katika bustani ile asubuhi akafika huko kabla ya chakula cha mchana, kwa njia ambayo maskwota waliishika wakiswaga ng'ombe wao.