Chapa ya Mnyama: Maana ya Istilahi na Tafsiri Yake

Katika istilahi zote za kitabu cha Ufunuo wa Yohana, haiko iliyowatia waumini hofu kuliko chapa ya mnyama, wala haiko iliyofasiriwa kwa pupa kuliko hiyo. Kwani kila serikali itoapo vitambulisho vipya, na kila chanjo iletwapo, hawakosekani wahubiri wa kunadi kwamba chapa ndiyo hii. Kwa hiyo yafaa neno lenyewe lichunguzwe.

Asili yake kwa Kiyunani ni kharagma, nalo latokana na kitendo cha kuchora kwa kuchanja. Wayunani walilitumia kwa alama ya moto aliyochomwa mnyama ili mwenyewe ajulikane, kwa sura iliyopigwa juu ya sarafu, na kwa rajamu yenye jina la Kaisari iliyogongwa katika hati za biashara. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliandika chapa, nao walichagua vema: alama yaweza kuwa ishara yoyote, hata kovu la ajali, ilhali chapa haina budi kuwa na mwenye kuipiga, na ng'ombe aliyepigwa chapa humtaja bwana wake hata akipotelea mbugani.

Ama kwa watumishi wa Mungu, katika sura ya 7, Yohana hakulitumia neno hilo, bali alitumia sfragis, na wafasiri wakaweka muhuri. Muhuri hutiwa katika vipaji vya nyuso, na chapa nayo hutiwa huko au katika mkono wa kuume, lakini mabwana ni wawili, wala hakutajwa wa tatu.

Tena katika sura ya 13 na ya 14 kusujudu kwatangulia, ndipo chapa hufuata. Wasomaji wa kwanza, Wakristo wa Asia Ndogo, waliyajua hayo kwa macho yao: Pergamo palikuwa na hekalu la Roma na Augusto tangu mwaka 29 kabla ya Kristo, na Thiatira palijaa vyama vya mafundi, ambamo karamu na ibada ya miungu vilikwenda pamoja, hata mtu aliyekataa kushiriki aliihatarisha riziki yake. Ndiyo maana Yohana asema kwamba asiye na chapa hawezi kununua wala kuuza. Na hesabu ya mnyama, 666, kwa rai ya wanazuoni wengi, ni jina la Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania.

Hata Waadventista Wasabato, waihusishao chapa na Jumapili itakayoshurutishwa kwa sheria, msingi wa hoja yao ni ibada na utii. Hukumu ya sura ya 14 yamwangukia aliyemsujudia mnyama, wala haimvizii muumini aliyechanjwa zahanati au kupewa kitambulisho pasipo kumkana Bwana wake. Na wokovu vivyo hivyo: muhuri ni tendo la Mungu, nao hutiwa kabla pepo nne hazijaachiliwa kuidhuru nchi, na watakatifu wajulikana kwa subira, kwa kuzishika amri na kwa imani ya Yesu.

Basi mhubiri atakaye kuwaonya watu juu ya chapa, na awaache makarani na waganga wafanye kazi yao, awaulize waumini wake wamsujudia nani riziki yao itiwapo rehani.