Nguo Zilizopita Kaberebere

Kaberebere ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kwenye barabara itokayo Mbarara kwenda Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Aendaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale hupita hapo. Wamepita Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko ya 1959, wakapita Wahutu baada ya 1994, wakaja Wakongo wa Kivu kwa mawimbi tangu vita vya 1996, Wasomali, na Warundi wa 2015. Njia hiyohiyo hupitisha marobota ya mitumba, ambayo Waganda huyaita mivumba, yakitoka bandari ya Mombasa kupitia Kampala na Mbarara hadi soko la Base Camp, ndani ya makazi hayo. Ndani yake mna fulana pana za timu za mpira wa kikapu za Marekani, jinzi, kapelo na raba. Nguo hizo ndizo anazovaa kijana wa Nakivale anayeghani hip hop kwa Kiswahili au Kinyarwanda, na wazee wengi humtazama wakasema ameiga Wamarekani. Nasema wanakosea. Kijana huyo yumo katika tarehe ndefu ya Afrika Mashariki, tarehe ya watu waliong'olewa mahali pao wakajitambulisha upya kwa nguo.

Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki, vazi la kitumwa, wakajifunga kanga na baadaye wakavaa buibui kama waungwana. Hawakuwa wanamwiga mtu. Walikuwa wanatangaza kwamba hadhi yao imebadilika. Zama hizohizo ngoma ya beni ilienea kutoka miji ya pwani hadi bara, na vijana wakavaa sare za kijeshi na kupeana vyeo, wakashindana kwa mavazi mtaa kwa mtaa. Wakoloni waliitazama kwa wasiwasi. Kongo nayo ina sura yake, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Nakivale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu alipiga vita suti na tai za Kizungu, wanaume wakavalishwa abacost, koti lisilo na tai. Vijana wa Kinshasa wakajibu kwa usapeur: suti za gharama na viatu vinavyong'aa, wakimfuata mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016. Kwa hiyo Mkongo anayefika Base Camp hafiki mikono mitupu. Amekulia katika nchi ambamo namna ya kuvaa ilikuwa namna ya kujibizana na serikali, na hip hop inamkuta akiwa tayari na elimu hiyo.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye cherehani. Hip hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, kwa watu wasio na vyombo vya bendi waliochukua santuri za wengine, wakakata vipande na kuviunga kuwa muziki mpya. Mavazi yalifuata kanuni ileile. Huko Harlem, Dapper Dan alifungua duka mwaka 1982 akawashonea wanarapu makoti yenye nembo za makampuni ya Ulaya, nguo ambazo makampuni hayo hayakuwa yameziwaza. Fundi wa Nakivale anayepunguza kiuno cha jinzi iliyoletwa kwa mwili wa Mmarekani, au anayeshonea kipande cha kitenge mgongoni mwa koti la mtumba, anaifuata kanuni hiyo, awe amelisikia jina la Dapper Dan au hajalisikia. Wanarapu wa kundi la X Plastaz la Arusha walionyesha jambo hilo mapema: mmoja wao, Mmaasai, alipanda jukwaani na shuka yake, na hakuna aliyemwona kapungukiwa na hip hop.

Wapo wanaosema kununua nguo hizi ni ufujaji. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, ukapunguzwa tena baadaye. Mtu mwenye njaa anataka raba za nini? Swali ni zito, na sitalipuuza. Lakini linadhani kwamba mkimbizi anahitaji shibe peke yake. Katika daftari za misaada yeye ni namba, ukubwa wa kaya na kundi la mahitaji. Nguo ni mojawapo ya mahali pachache anapochagua mwenyewe aonekane nani, na kwa mtumba uchaguzi huo hugharimu kidogo. Isitoshe, fedha hiyo inabaki sokoni: kwa muuzaji, kwa fundi, kwa mpiga pasi. Wengine wanaona uhuni katika suruali ya mlegezo. Wahuni wapo, na wengine huvaa suti. Wengine tena husema mitumba inaua viwanda, na Rais Museveni alitangaza mwaka 2023 kuikataza. Hapa wana haki nusu, maana chanzo si mitumba peke yake. Viwanda vya nguo vya Uganda, Nyanza Textiles ya Jinja kikiwamo, vilianza kuporomoka katika utawala wa Idi Amin baada ya 1972. Na hata kiwanda kikifufuka leo, kijana atachukua nguo yake mpya aipeleke kwa fundi aibadilishe.

Anayedai mavazi ni upuuzi tu aziangalie serikali zenyewe. Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Mwaka 2019 jeshi la Uganda lilitangaza bereti nyekundu kuwa sare yake, wakati wafuasi wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyeingia siasa, wameshaifanya alama yao. Raia haruhusiwi kuvaa nguo ya mabakamabaka ya kijeshi, vazi ambalo vijana wa hip hop wa Marekani huvaa bila kuulizwa, na kijana wa Nakivale inampasa alijue hilo. Watawala hawahangaiki na kitu kisichosema neno.

Tarehe hii bado haijaandikwa, na walio nayo wanaondoka. Kwa miaka mingi familia kutoka Nakivale zimekuwa zikihamishiwa Marekani, Kanada na kwingineko, na picha zao za studio huondoka nazo. Walimu, wanafunzi wa chuo kikuu cha Mbarara na vijana wenyewe wazikusanye sasa, waandike chini ya kila picha nguo ilinunuliwa wapi na fundi gani aliibadilisha.