Uwanja wa Watu Wote: Habari za Mchezo wa Gofu

Mjini Moshi, chini ya migomba yetu ya Kibosho, pana uwanja wa gofu wenye mashimo 9. Wanafunzi wameuona, nao hutuuliza: “Je, mwalimu, mgeni asiyejuana na mtu hapo aweza kuingia akacheza na wale aliowakuta?” Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu, maana ndani yake mna habari za ardhi, na ardhi ni jambo ambalo sisi watu wa mlimani hatulifanyii mzaha.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mchezaji hupiga kitufe kidogo kwa fimbo mpaka kitumbukie katika shimo, kisha huendelea na shimo la pili, na la tatu. Uwanja kamili una mashimo 18. Anayemaliza kwa mapigo machache zaidi ndiye ashindaye.

Mchezo huu ulikua katika nchi ya Uskochi. Mwaka 1457 Bunge la huko liliukataza, pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana walikuwa wakiacha kujifunza kupiga upinde kwa ajili ya vita. Lakini watu hawakuuacha. Katika mji wa St Andrews, kando ya bahari, palikuwa na nchi ya mchanga na majani isiyofaa kulimwa. Wenyeji walilisha wanyama wao hapo, wakacheza hapo. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia sahihi hati iliyokiri kwamba watu wa mji wana haki ya kucheza gofu katika nchi ile na kulisha mifugo yao. Basi haki yao haikuwa ya mdomo tu, bali iliandikwa.

Hata hivyo haki iliyoandikwa yaweza kupotea. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliitoa nchi ile kwa fedha. Ikaingia mikononi mwa wafugaji wa sungura, waliotafuta faida ya nyama na ngozi. Sungura wakachimba mashimo kila mahali, na wachezaji wakaona uwanja wao unaharibika. Palitokea ugomvi mkubwa, mahakamani na hata wa mikono, uliodumu zaidi ya miaka 20. Mwaka 1821 ndipo mwenye mashamba mmoja wa jirani, James Cheape, aliyekuwa mchezaji wa gofu, alipoinunua nchi ile akawaondolea watu sungura. Lakini ilikuwa bado mali ya mtu mmoja. Mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge, mji uliinunua tena iwe mali ya watu wote, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo.

Matunda yake ni haya. Katika uwanja ule mkongwe, unaosifiwa kuliko viwanja vyote vya gofu duniani, mgeni hucheza kwa kulipa ada na kungoja zamu. Aliyekuja peke yake huunganishwa na wengine, wasizidi wanne. Pengine mmoja ni fundi, wa pili daktari, wa tatu ametoka ng’ambo. Huamkiana, hutajiana majina, kisha huenda pamoja muda wa saa nne hivi. Aliye mbali zaidi na shimo hutangulia kupiga, na wenzake hunyamaza kimya. Hakuna mwamuzi anayewafuata; kila mmoja huhesabu mapigo yake mwenyewe na kuyataja kwa kweli. Mdhaifu hupunguziwa mapigo kadhaa ili aweze kushindana na hodari. Mwisho huvua kofia na kupeana mikono. Na siku ya Jumapili uwanja kwa desturi hufungwa, ila watu wa mji hutembea humo na watoto wao na mbwa wao.

Katika nchi zetu mchezo ulikuja kwa njia nyingine. Chama cha gofu cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1906, na vyama vya namna hiyo vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mwingine, au akikata majani. Kwa saa nyingi alitembea bega kwa bega na mchezaji, akajua uwanja kuliko yeye, lakini hakuhesabiwa kuwa mwenzi wake. Huko Afrika ya Kusini, Sewsunker Sewgolum, mwenye asili ya Kihindi, alianza kwa kubeba mifuko hiyo. Akawa hodari hata akashinda mashindano ya Uholanzi mwaka 1959. Mwaka 1963 alishinda huko Natal, naye akapewa kikombe chake nje, katika mvua, kwa kuwa sheria ya ubaguzi haikumruhusu kuingia nyumbani mwa chama.

Siku hizi vyama vya Afrika Mashariki havibagui rangi, na mgeni huweza kupokewa kwa ada na kwa kanuni za chama. Hilo ndilo jibu kwa wanafunzi wetu. Lakini kupokewa na mwenye mali si sawa na kuingia katika mali yako mwenyewe.

Sisi wa Kibosho twaelewa tofauti hiyo. Kihamba kina mpaka wa masale, nacho ni cha mwenyewe. Mfongo uletao maji kutoka juu ni wa wote walioutunza, na asiyekwenda kuuzibua siku ya kazi hutozwa faini. Watu wa St Andrews waliuacha mfongo wao siku moja, wakahitaji miaka 97 kuurudisha. Tuvitazame basi viwanja vya shule zetu, njia zetu na masoko yetu, tukiulizana ni nani anayevilinda.